Kitabu adimu, mswada au jalada la nyaraka: uombe kipi kwanza?

Mashairi ya Muyaka bin Haji wa Mombasa unaweza kuyafuata kwa njia tatu, na kila njia ina mwisho wake. Unaweza kuomba diwani iliyohaririwa na William Hichens na kuchapwa Johannesburg mwaka 1940. Unaweza kuomba makaratasi ya W. E. Taylor, mmisionari wa Kiingereza, yaliyoko maktaba ya SOAS, Chuo Kikuu cha London, ambamo mashairi hayo yameandikwa kwa hati za Kiarabu, matunda ya kazi ya Mwalimu Sikujua bin Abdallah aliyeyakusanya Mombasa miaka arobaini na ushei baada ya Muyaka kufariki. Au unaweza kuyaacha mashairi yenyewe ukatafuta barua, daftari na maelezo ya hao waliokuwa wakikusanya, ujue nani alimuuliza nani, na kwa nini shairi hili lilihifadhiwa na lile likapotea.

Cha kwanza ni kitabu adimu. Cha pili ni mswada. Cha tatu ni nyaraka. Katika maktaba nyingi za vyuo vikuu vyote vitatu hutunzwa na idara moja ya makusanyo maalumu, na husomwa kwenye chumba kimoja, meza ileile. Ndiyo maana mgeni hudhani ni mamoja. Anafika na siku zake mbili tatu, anajaza fomu, anaomba kile alichokisikia zaidi, na siku zinakwisha hajagusa kilichokuwa na jibu lake.

Ninayemwandikia hapa ni mtu anayefuatilia lugha, mashairi au historia ya Waswahili. Huko ndiko ninakokufahamu, na huko ndiko tofauti ya vitu hivi vitatu inakoumiza wasomaji zaidi.

Kitabu adimu hujieleza chenyewe

Uadimu si umri tu. Kitabu cha zamani kilichochapwa kwa wingi na kutunzwa na maktaba nyingi chaweza kupatikana upesi kuliko kijitabu cha juzi kilichosambazwa kwa mkono. Magazeti ndiyo mfano bora. Mambo Leo lilianza kutoka Dar es Salaam Januari 1923. Gazeti hupita mikono kumi, hufungiwa vitu, huraruka. Mfululizo wake uliotimia, toleo kwa toleo, ni mali kubwa kwa maktaba yoyote, ingawa siku lilipotoka hakuna aliyeliita adimu.

Faida kuu ya kitu kilichochapwa ni kwamba kina jina, mwaka, mji na mchapaji, na kwa hiyo kinapatikana kwenye katalogi hata ukiwa nyumbani. Unakijua kabla hujaondoka. Kamusi ya Johann Ludwig Krapf, mmisionari wa Kijerumani, ilitoka London mwaka 1882, mwaka mmoja baada ya yeye kufa. Ukiikuta Dar es Salaam au ukiikuta Uingereza, maneno ni yaleyale. Ukurasa utakaoutaja wewe, mwenzako wa mbali ataufungua na kuukuta.

Lakini katalogi nayo ina mitego, na mitego hii hasa ndiyo inayowapotezea muda wasomaji wetu. Wa kwanza ni tahajia ya jina la lugha yenyewe. Wachapaji wa karne ya 19 waliandika Suahili, Suaheli, Kisuaheli, Kisuahili, na wengine wakaongeza alama juu ya herufi. Krapf huyohuyo, kwenye kitabu chake cha sarufi cha 1850, anaandika tofauti na kamusi ya 1882. Ukitafuta kwa neno Swahili pekee umeacha nusu ya shamba bila kulima. Tafuta kwa kila tahajia, moja baada ya nyingine.

Wa pili ni mwandishi aliyefichwa. Desturi za Wasuaheli, iliyochapwa Göttingen mwaka 1903, huorodheshwa kwa jina la Carl Velten, Mjerumani aliyeikusanya. Maneno mengi yaliyomo ni ya Mtoro bin Mwinyi Bakari wa Bagamoyo. Ukimtafuta Mtoro kwenye katalogi ya zamani unaweza kuambiwa hayupo, hali yupo rafuni kwa jina la mwingine. Hili linaniuma kila nikilikumbuka, lakini kwa sasa njia ya kumfikia ni kumwita kwa jina la Velten, kisha wewe katika maandishi yako umrudishie jina lake.

Je, ni lazima ukione kitabu chenyewe? Hapa nitasema wazi: mara nyingi, hapana. Vitabu vingi vya Kiswahili vya karne ya 19 vilivyokwisha muda wa hakimiliki vimepigwa picha na kuwekwa kwenye intaneti, na kwa kazi ya kusoma maneno, picha hizo zinatosha. Usitumie nauli na siku ya chumba cha kusomea kwa kitabu unachoweza kukisoma kitandani. Omba kitabu chenyewe pale tu swali lako linapohusu nakala hiyo: nani aliimiliki, nani aliandika kwa penseli kwenye pambizo, ilitoka misheni gani kwa mujibu wa muhuri, ramani ya kukunjwa imo au imechanwa. Wapiga picha wengi huiacha ramani imekunjwa hivyohivyo. Pia omba kitabu chenyewe ukiona picha zimekatwa pembeni, kwa sababu pambizo ndiyo iliyokatwa, na pambizo ndiyo ilikuwa na neno.

Mswada hudai muda na ndugu zake

Zamani kitabu kwa Kiswahili kiliitwa chuo. Mtoto aliyekwenda chuoni alikwenda penye kitabu. Utendi wa Tambuka, shairi refu la vita, wenyewe hujulikana pia kwa jina la Chuo cha Herkali, na mswada wake mashuhuri una tarehe inayolingana na mwaka 1728. Kwa hiyo mtu anayeingia maktaba ya chuo kikuu kutafuta miswada anarudi kwenye maana ya kwanza ya neno.

Miswada yetu ya pwani imeandikwa zaidi kwa hati za Kiarabu, na hapa ndipo penye kazi. Waandishi wengi wa zamani walitumia be ileile kwa sauti ya b, ya p na ya mb. Alama za irabu ni tatu, fataha, kasra na dhuma, ilhali Kiswahili kina vokali tano. Kasra hubeba i na e, dhuma hubeba u na o. Matokeo yake ni kwamba neno moja lililoandikwa kwa be na te laweza kusomwa bata, pata au mbata. Toa na tua zaweza kuandikwa sawasawa. Msomaji huamua kwa kufuata maana, vina na mizani, na wakati mwingine wasomaji wawili wajuzi huamua tofauti, kila mmoja na hoja yake.

Sasa fikiria maana ya jambo hilo kwako unayechagua. Kitabu kilichochapwa kwa herufi za Kilatini kimekwisha kukuamulia. Hichens alipotoa diwani ya Muyaka, kila palipokuwa na njia mbili alichagua moja, nawe hulioni chaguo, unaona neno. Mswada hukurudishia chaguo hilo. Mohamed H. Abdulaziz, aliyetoa kitabu chake juu ya Muyaka mwaka 1979, aliongeza juu ya kusoma maandishi ujuzi wake wa lahaja na historia ya Mombasa, na huwezi kumsoma bila kuona jinsi mji wenyewe unavyosaidia kufumbua mstari. Kama swali lako ni juu ya neno, mstari, lahaja au kina cha shairi, mswada hauna mbadala. Kama swali lako ni juu ya maudhui ya shairi kwa jumla, toleo zuri lililochapwa litakufaa, na mswada utakumalizia siku bure.

Jambo jingine linalowachanganya wengi: mswada si lazima uwe mkongwe kuliko kitabu. Muhamadi Kijuma wa Lamu, mshairi, mchongaji na mwandishi wa hati nzuri aliyefariki mwaka 1945, aliwanakilia wataalamu wa Ulaya tenzi nyingi, miongoni mwao Alice Werner, Hichens na Ernst Dammann. Nakala zake ni za kupendeza macho, nyingine zimetiwa rangi na mapambo, na leo ziko London na Ujerumani. Lakini ziliandikwa karne ya 20, kwa kuagizwa, kwa ajili ya msomaji wa mbali. Anayezisoma asome pia mkono na akili ya Kijuma. Shairi ni la zamani, karatasi ni ya juzi, na kati yake yuko mtu mwenye ladha yake. Ukiuliza Lamu ya karne ya 18 ilizungumzaje, nakala ya 1935 ni shahidi wa mbali. Ukiuliza mwandishi wa Lamu alivyoifahamu turathi yake wakati wa ukoloni, nakala hiyohiyo ni shahidi wa kwanza.

Ndiyo maana nasema mswada hudai ndugu zake. Utendi wa Mwana Kupona upo katika nakala nyingi, na nakala hizo hazilingani beti kwa beti. Kusoma moja tu ni kumsikiliza mmoja katika ukoo. Kabla ya kuomba, hesabu ziko ngapi, ziko wapi, na ipi ina tamati ya mnakili. Tamati ni ule mwisho ambapo mwandishi hutaja jina lake, siku, na pengine aliyemwandikia. Wengine huupitia haraka kwa kuwa si sehemu ya shairi. Mimi ningeanzia hapo.

Na tarehe ya tamati ni ya Hijria. Mwaka 1275, ambao ndio wa utendi wa Mwana Kupona, ulianza Agosti 1858 na kuishia Julai 1859. Ukiona mwezi haukutajwa, andika 1858/59. Vitabu vingi vimeandika 1858 tu, na wasomaji wakaendelea kunakiliana.

Kwa Afrika Mashariki, mkusanyo wa kwanza kuufikiria ni ule wa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam. J. W. T. Allen alizunguka pwani miaka ya 1960 akikusanya miswada ya Kiswahili na ya Kiarabu, na pia kanda za sauti, na orodha yake ilichapishwa Leiden mwaka 1970. Kanda hizo zisipuuzwe. Utenzi uliandikwa ili usomwe kwa sauti, na palipo na shaka ya bata au pata, sauti ya msomaji aliyelelewa na utenzi huo humaliza ubishi ambao wino hauwezi kuumaliza. London, maktaba ya SOAS ina makusanyo ya Taylor, ya Hichens na ya wengine waliofuata, na orodha ya miswada hiyo imewekwa kwenye intaneti. Soma orodha zote mbili kabla ya kuamua safari. Nimeona watu wakidhani kila kitu cha maana kimekwenda Ulaya. Si kweli, na wazo hilo limewafanya wengi waruke Mlimani, kilipo chuo hicho cha Dar es Salaam, kama kwamba ni mahali pa kupita.

Jalada la nyaraka halisemi peke yake

Kitabu kiliandikwa kikiwa kinamjua msomaji. Mswada uliandikwa ili usomwe au uimbwe. Nyaraka hazikuandikwa kwa ajili yako kabisa. Barua ilimhusu aliyeandikiwa, muhtasari wa kikao uliwahusu waliokuwapo, daftari la shambani lilimhusu mwenye daftari. Wewe ni mgeni aliyefika baada ya mazungumzo kwisha, ukaokota karatasi moja sakafuni.

Kwa hiyo nyaraka hupangwa tofauti. Kitabu hupewa namba kulingana na somo lake. Nyaraka huachwa katika mpangilio wa yule aliyezizalisha: makaratasi ya mtu mmoja pamoja, ya ofisi moja pamoja, boksi kwa boksi, jalada kwa jalada. Huwezi kutafuta karatasi kwa jina lake kwa kuwa haina jina. Unatafuta mtu au ofisi iliyohusika, unasoma mwongozo wa mkusanyo, unakisia boksi, unaomba. Kukisia huko ni ujuzi, na ujuzi huja kwa kukosea mara kadhaa. Mwenye siku moja asianzie hapa.

Lakini mwenye siku za kutosha, na mwenye swali la namna fulani, hapa ndipo penye chakula. Chukua Kiswahili sanifu. Mkutano wa Mombasa wa 1928 uliichukua lahaja ya Unguja iwe msingi. Kamati ya Lugha iliundwa mwaka 1930. Kamusi za Frederick Johnson zikatoka, ile ya Kiswahili kwa Kiswahili 1935 na ile kubwa ya Kiswahili kwa Kiingereza 1939. Ukisoma kamusi utaona neno lililoshinda. Hutaona neno lililoshindwa, wala aliyelitetea, wala hoja iliyomwangusha. Ugomvi huo hukaa kwenye barua na mihtasari. Anayetaka kujua lugha ilivyokuwa aende kwenye kamusi. Anayetaka kujua lugha ilivyoamuliwa aende kwenye majalada.

Mfano mwingine uko Dar es Salaam penyewe. Hans Cory, mtafiti wa jamii aliyefanya kazi chini ya serikali ya Tanganyika, aliandika juu ya mila na sheria za Wasukuma na Wahaya, na makaratasi yake yamo kwenye maktaba ya Chuo Kikuu, pamoja na ya Henry Fosbrooke, mtafiti mwingine wa serikali hiyo. Kitabu cha sheria za mila husema: sheria ni hii. Husema hivyo kwa sauti moja, kana kwamba wazee wote walikubaliana. Makaratasi ya mkusanyaji ndiyo mahali pa kutafuta kama kweli walikubaliana. Palipofutwa, palipoandikwa mara mbili, palipowekwa alama ya kuuliza, ndipo sheria ilipokuwa ingali hai na yenye kubishaniwa.

Na kuna nyaraka ambazo chuo chenyewe kilizizalisha. Mwaka 1968 wanafunzi wa Chuo Kikuu kishiriki cha Dar es Salaam walitumwa kwenda sehemu zilizopigana Vita vya Maji Maji, 1905 hadi 1907, wakawahoji wazee. Kazi zao zilikusanywa zikiwa zimechapwa kwa taipu. Wazee wale wametoweka wote. Kwa kumbukumbu kama hizo, wingi wa vitabu vilivyoandikwa baadaye haufidii kurasa zenyewe, kwa sababu kila kitabu kimechukua mstari kilioutaka na kuacha mingine.

Ubaya wa nyaraka lazima utajwe. Kwanza, aliyeandika ndiye aliyekuwa na kalamu na ofisi. Mwanamke wa kijijini, mpagazi, mtumwa aliyekombolewa, mara nyingi hutajwa na mtu mwingine, kwa jina lililokosewa tahajia au bila jina kabisa. Inabidi umtafute katika orodha za mishahara, katika mashtaka, katika malalamiko ya bosi wake. Pili, majalada mengine hufungwa kwa miaka kadhaa ili kulinda watu waliotajwa humo, na hakuna kusihi kutakakoyafungua. Uliza mapema. Tatu, waweza kufungua boksi tatu ukatoka mtupu. Kwa mwenye kitabu hilo halimpati. Kwa mwenye nyaraka ni siku ya kawaida.

Kwa hiyo, nikiviweka vitatu hivi ubavu kwa ubavu: kitabu husimama peke yake, mswada husimama na nakala ndugu, jalada husimama na majirani zake ndani ya boksi. Siku zako zikiwa moja au mbili, chukua kitabu, au mswada mmoja ulioujua kabla. Zikiwa wiki na unasoma hati za Kiarabu, chukua miswada. Ukiwa na wiki mbili au zaidi na swali lako linaanza na "ilikuwaje mpaka", chukua nyaraka, lakini siku ya kwanza usiombe boksi; itumie yote kusoma mwongozo.

Asiyesoma hati za Kiarabu asikate tamaa, ila asijidanganye pia. Mtu aliyesoma madrasa ana nusu ya safari. Iliyobaki ni kuizoea sauti ya Kiswahili ndani ya herufi hizo. Akikaa na mswada mfupi ambao toleo lake la Kilatini lipo, akalinganisha ubeti kwa ubeti, atashangaa upesi anavyofunguka. Akianza na mswada usiochapwa kamwe, atafadhaika.

Skrini au meza ya maktaba

Ulinganisho huu wa pili ni mfupi, kwa kuwa jibu lake linategemea wa kwanza.

Picha ni kitu ambacho skrini hukifanyia haki. Chuo Kikuu cha Northwestern, Marekani, kina maktaba ya Herskovits ya masomo ya Afrika, na humo mna mkusanyo wa Winterton wenye picha zaidi ya 7,000 za Afrika Mashariki kati ya 1860 na 1960. Umewekwa kwenye intaneti. Hakuna sababu ya kuvuka bahari kuutazama mara ya kwanza, na unaweza kukuza picha mpaka uone kanzu imeshonwa vipi. Miswada ya Msikiti wa Riyadha, Lamu, nayo ilipigwa picha chini ya mpango wa British Library wa kuokoa nyaraka zilizo hatarini, na sasa yasomeka popote penye mtandao, huku yenyewe ikibaki Lamu. Hilo la kubaki nyumbani nalipenda sana.

Nyaraka ni kinyume. Makusanyo mengi hayajapigwa picha hata robo, na yaliyopigwa yamechaguliwa na mtu: barua zenye majina makubwa zimo, risiti na orodha hazimo. Ukitegemea skrini kwa nyaraka umekubali uchaguzi wa mwingine bila kujua.

Mswada uko katikati. Picha hukupa maneno. Haikupi karatasi: alama ya maji inayoonekana ukiinua ukurasa kwenye mwanga, uzi wa kushonea, wino wa aina mbili kwenye mstari mmoja unaokuambia neno liliongezwa baadaye. Pendekezo langu ni kusoma kwenye picha nyumbani, kuandika orodha ya sehemu kumi au ishirini zenye shaka, halafu kwenda maktaba kwa ajili ya hizo tu.

Na yupo anayesema kwamba mradi kitu kiko maktabani kiko salama, cha kuharakia picha ni nini? Tarehe 18 Aprili 2021 moto ulioshuka kutoka mlimani uliteketeza chumba cha kusomea cha maktaba ya Jagger, Chuo Kikuu cha Cape Town, pamoja na sehemu kubwa ya vitabu na filamu za masomo ya Afrika. Kilichokuwa kimepigwa picha kabla ya siku hiyo kilibaki angalau kama picha. Kingine kilibaki kama mstari kwenye katalogi.

Kabla ya kufika

Masharti ya chumba hayatofautiani sana baina ya vitu vitatu hivi. Penseli tu, kalamu ya wino hapana. Begi huachwa nje. Kitabu huwekwa juu ya mto au sponji, si wazi juu ya meza. Mikono iwe safi na mikavu. Glavu, ambazo watu huzidhania ni lazima, siku hizi hutakiwa zaidi kwa picha, kwa sababu kwa karatasi kuukuu hupunguza hisia za vidole na ukurasa huchanika. Kwa nyaraka, toa jalada moja kwa wakati na uache karatasi katika mpangilio uliozikuta hata ukiona umekosewa. Mwambie mtunzaji, usirekebishe mwenyewe. Mpangilio huo ni ushahidi.

Ruhusa ya kupiga picha kwa kusoma si ruhusa ya kuchapisha. Hizo ni fomu mbili.

Kinachobadilika sana ni ujumbe unaomwandikia mkutubi wiki chache kabla. Ukiandika "naomba kuona nyaraka za Kiswahili" utapata jibu la adabu lisilokusaidia. Taja swali, taja ulichokwisha kusoma, taja siku zako, taja usichokiweza. Kwa mfano:

"Shikamoo. Nafuatilia namna mashairi ya Muyaka yalivyokusanywa Mombasa kabla ya 1890. Nimesoma diwani ya 1940 na kitabu cha Abdulaziz. Kwenye katalogi yenu nimeona makaratasi ya Taylor. Naomba kujua ni yapi yenye hati ya Mwalimu Sikujua, na kama yamepigwa picha. Nasoma hati za Kiarabu polepole. Nitakuwapo siku tatu kuanzia Jumanne. Kama kuna barua za wakati huo ambazo hazijaingizwa kwenye katalogi, nitashukuru kuelekezwa."

Sentensi ya mwisho ndiyo ya kutoiacha. Katalogi huandikwa pole pole, na vilivyomo ghalani huwa vingi kuliko vilivyoorodheshwa. Anayejua kilichomo kwenye boksi lisilo na namba ni yule mtu anayelipita kila siku asubuhi akienda mezani kwake.